Wiki tatu Seoul: mlima Bukhansan, hekalu la Wabudha njiani, na mi ni mama wa Kiislamu wa Tabata. Naombeni ushauri

mamaNasra_Tabata

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Naombeni mawazo hasa nyie mliowahi kuishi au kupita Korea Kusini. Nimechaguliwa kazini kwenda Seoul mafunzo ya wiki tatu, naondoka katikati ya mwezi huu wa kumi inshallah, na jana ndo wametutumia ratiba. Nimeisoma yote haina shida, madarasa, kutembelea viwanda, mpaka nikafika Jumamosi ya wiki ya kwanza, wameandika kupanda mlima Bukhansan tukiwa na mwongozaji, kukutana saa mbili asubuhi, kupita kwenye hekalu la kale la Wabudha linaitwa Doseonsa, kwenda mpaka kileleni na kushuka, mwisho saa kumi jioni.

Sasa mi nna miaka 46, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti, sijawahi kupanda mlima wowote kwa miguu na goti la kulia huwa linanisumbua nikishuka ngazi. Hilo la kwanza. La pili ndo linaloninyima usingizi, mi ni Muislamu, sitaki nijikute nimeingizwa kwenye ibada ya watu bila kujua, lakini pia sitaki kuwakosea adabu wenyeji maana wametulipia kila kitu mpaka chakula. Wenzangu wawili tunaoenda nao wanasema nidanganye naumwa nibaki hotelini. Kudanganya sitaki. Halafu mwanangu yuko form four, mtihani anaanza mwezi wa 11 wiki ile nikisharudi, nikirudi na mguu kwenye plasta ntamvuruga mtoto.

Nielezeni ukweli, hiyo njia ikoje, hekaluni mtu unafanyaje, nivae nini. Na baridi naiogopa.

Kivukoni77

Dada hongera kwa safari. Mi nimesoma Seoul miaka miwili na nusu, Bukhansan nimepanda kama mara tisa hivi, kwa iyo ntakwambia kama ninavyoijua.

Kwanza toa picha ya Kilimanjaro kichwani. Kilele kinaitwa Baegundae, mita 836 tu toka usawa wa bahari, Kili ni 5,895, kwa iyo mambo ya kukosa hewa na kutapika hayapo kabisa. Ila usiudharau, yale ni majabali ya granaiti na njia inapanda moja kwa moja kama ngazi, haizungukizunguki kama barabara zetu za Lushoto.

Mtachukua treni ya mjini mpaka stesheni ya mwisho ya laini ya Ui-Sinseol, inaitwa Bukhansan Ui, ukitoka nje tu unauona mlima. Hapo mpaka hekaluni Doseonsa ni barabara ya lami ya kupandisha, kama kilomita mbili, na ndo itakayokuchosha bure kwa sababu watu wanaianza kwa mbio. Anza taratibu, taratibu kweli, kama unaenda sokoni na ndoo kichwani. Pembeni ya maegesho ya magari ya hekalu kuna kituo cha askari wa hifadhi, njia ya msituni inaanzia hapo, na toka hapo mpaka kileleni ni kama kilomita mbili tena, lakini hizo ni za saa moja na nusu mpaka mbili kwa mtu wa kawaida. Mawe yamepangwa kama ngazi mpaka sehemu inaitwa Haru-jae, hapo ukiinua macho unaona jabali la Insubong limesimama peke yake kama yai, na ukitazama vizuri utaona vidoti vinasogea, ni watu wanapanda na kamba. Mi mara ya kwanza nilikaa chini pale nikasahau kama nimechoka.

Mkishapita hapo njia inapoa kidogo, halafu inapanda tena mpaka kwenye lango la ngome ya zamani. Ile ngome ilijengwa 1711 enzi za mfalme Sukjong, na walioilinda wengi walikuwa watawa wa Kibudha, watawa askari kabisa. Sasa kipande cha mwisho, toka langoni mpaka kileleni, ni jabali tupu, wameweka nguzo na nyaya nene za chuma unashika huku na huku unajivuta, pembeni korongo. Dada, kama goti linasumbua, kipande hicho usikifanye. Mwambie mwongozaji mapema kabisa asubuhi kwamba mi naishia langoni, atapanga nani abaki na wewe. Hakuna atakayekucheka, Wakorea wenyewe wapo wanaoishia hapo, na pale pale langoni jiji unaliona.

Viatu usihangaike kununua. Karibu na stesheni hiyo jiji la Seoul limefungua kituo cha wapanda milima mwaka 2022, wanaazimisha wageni viatu, jaketi na fimbo kwa pesa ndogo, nenda na pasipoti yako. Chukua fimbo MBILI sio moja, goti lako litakushukuru wakati wa kushuka. Glavu nunua kabisa Kariakoo, zile za mafundi za kitambaa zenye mpira kiganjani, asubuhi ule waya wa chuma una baridi ya friji na mikono ya Dar haijaizoea.

Baba_Hafidh

Marahaba binti yangu. Mi sio sheikh, hukumu ya dini muulize ustadhi wako unayemwamini kabla hujaondoka, ila nilichokiona kwa macho yangu ntakwambia. Korea nimekwenda mara nne kufata spea za magari na mara mbili kati ya hizo wenyeji walinipeleka milimani.

Hekalu la kule sio jengo moja kwamba ukivuka kizingiti umeshaingia ibadani. Ni uwanja mkubwa wenye nyumba nyingi za mbao, mapaa yamepinda ncha, chini ya paa wamechora kijani na nyekundu na bluu mpaka jicho linachoka. Unaingilia kwenye geti lenye paa lakini halina mlango. Uwanjani watu wanapita, wanakunywa maji, wamekaa kwenye viti, watoto wanakimbia. Ibada iko ndani ya kumbi, na ukumbini hulazimiki kuingia. Mwenyeji wangu alivua viatu akaingia akasujudu akatoka, mi nimekaa kwenye benchi namsubiri, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ukitaka kuchungulia simama mlango wa pembeni, ule wa katikati ni wa watawa. Usipige picha ndani, usinyooshe kidole kwenye sanamu, ongea taratibu. Wao wanasalimia kwa kukutanisha viganja na kuinama, wewe weka mkono kifuani utikise kichwa, wanaelewa vizuri tu.

Kitu kingine usije ukashtuka, utaona alama ya msalaba uliokunjwa ncha imechorwa kwenye mahekalu, hata kwenye ramani. Haihusiani na Hitler, wale wameitumia karne nyingi kabla hajazaliwa, maana yake hapa pana hekalu.

Sala: adhuhuri kule inaingia kama saa sita na robo, mtakuwa bado juu au mnashuka. Beba kimkeka kidogo na chupa ya maji ya udhu. Sisi huku Dar kibla kipo kaskazini, kule kinageuka magharibi na kupanda kidogo kaskazini, watu wengi wanasahau wanaswali kwa mazoea ya nyumbani. Na chakula cha njiani watakupa gimbap, wali umeviringishwa kwenye mwani, ndani mara nyingi wanaweka hemu ya nguruwe, mwambie mwongozaji siku moja kabla unataka ya mboga au ya samaki jodari.

Na kama moyo bado unasita, kabla ya safari nenda hapa hapa Upanga, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za ukoloni, lina mti wao mtakatifu unaoitwa Bodhi. Omba ruhusa uingie uwanjani ukae dakika kumi uone moyo unakwambiaje. Ukishalijua la nyumbani la ugenini halitakutisha.

msafi_wa_nia

Mi natofautiana na hapo juu kwa heshima zote. Dada yangu usiende. Nyumba ya masanamu ni nyumba ya masanamu, hata ukikaa uwanjani. Waambie ukweli dini yangu hainiruhusu, hawatakulazimisha.

Baba_Hafidh

Ndugu yangu sikatai, na yeye akiona hivyo aseme hivyo hivyo, ni haki yake. Nachosema njia ya mlimani inaanzia kwenye maegesho, uwanja wa hekalu anaweza asiukanyage kabisa na wenzake wakamkuta mbele. Achague mwenyewe akiwa anajua kilichopo, sio kwa kuogopa asichokijua.

Nuru_Mbezi

Mi naomba niongelee mwongozaji maana wote mnamuongelea kama malaika. Niliwahi kupanda Bukhansan na kikundi cha watu kumi na mbili, kampuni sitaitaja, tulilipia mtandaoni. Mwongozaji alikuwa kijana mwepesi, yuko mbele muda wote anapiga stori na wenye nguvu, mimi na dada mmoja wa Ufilipino tukabaki nyuma, kufika kwenye njia panda hatuwaoni na simu yangu chaji imekata. Baridi inamaliza betri haraka hilo nalo mlijue, simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Tulisimama pale dakika arobaini. Nililia jamani, sio kwa sababu ya hatari, watu walikuwa wanapita tele, ila kule kuona kwamba nimesahaulika na mtu niliyemlipa anitunze.

Kilichotusaidia ni mzee mmoja wa Kikorea hajui hata neno la Kiingereza, akatuonyesha nguzo ya njiani yenye namba, akapiga simu akaisoma ile namba, askari wa hifadhi wakajua tuko wapi hasa. Kumbe njia nzima kuna hizo nguzo, kila baada ya mita mia kadhaa, na ukipiga 119 ukisoma namba ya nguzo wanakufata hapo hapo. Kwa iyo mamaNasra fanya hivi, kila nguzo unayopita ipige picha. Na asubuhi kabla hamjaanza muulize mwongozaji mbele ya watu wote, nani anatembea wa mwisho? Akikosa jibu mwambie achague mtu sasa hivi.

Na kushuka ndo kazi. Kupanda ni mapafu, kushuka ni magoti. Kule mwezi wa kumi mwishoni jua linazama saa kumi na moja na nusu na njia zinatakiwa ziwe tupu giza likiingia, kwa iyo mkichelewa watawaharakisha, na kuharakisha kwenye majani makavu juu ya granaiti ndo watu wanapoteguka. Bora mgeuke mapema.

fundi_wa_Keko

swali tu wakuu, hivi kwa nini mahekalu wameyaficha milimani? si wangejenga mjini watu wafike kirahisi

Kivukoni77

@fundi_wa_Keko swali zuri. Zamani yalikuwepo mijini pia. Doseonsa ilianzishwa mwaka 862 na mtawa aitwae Doseon, enzi hizo wafalme wenyewe ni Wabudha. Sasa mwaka 1392 ikaingia ukoo mpya wa Joseon, hao wakafata mafundisho ya Konfusio, yule mwanafalsafa wa Kichina, wakaona watawa wana ardhi na nguvu kupita kiasi, wakafunga mahekalu mengi ya mjini, na baadae ikawa mtawa haruhusiwi hata kuvuka lango la Seoul. Katazo hilo limekuja kuondolewa 1895, juzi juzi tu. Kwa iyo dini ikabaki milimani miaka mia tano, na ndo maana leo Mkorea kupanda mlima na kupita hekaluni ni kitu kimoja, hata asiye na dini anasimama pale kunywa maji ya chemchem. Milango haina kiingilio, hifadhi nayo walifuta kiingilio 2007.

Ila pombe hairuhusiwi kileleni wala kwenye vibanda vya kupumzikia tangu 2018, sigara wala moto ndo usiguse kabisa.

Karume_Kona

Upande wa nguo msimtishe dada wa watu. Asubuhi itakuwa nyuzi kama 7 au 8, mchana inapanda 17, 18 hivi. Njoo Karume Ilala Jumatano wakifungua marobota, tafuta jaketi jembamba lisilopitisha upepo na sweta mbili nyembamba, usichukue koti nene la manyoya, ukipanda dakika ishirini jasho linakulowesha, ukisimama lile jasho linakuwa barafu mgongoni. Vaa tabaka tabaka uwe unavua. Suruali ya kunyumbulika, juu yake gauni fupi la magotini kama unataka stara, baibui refu litanasa kwenye fimbo. Hijabu ya pamba ya kuvuta kichwani, hizi za pini zinakusumbua kwenye upepo.

Na una wiki mbili bado, zitumie. Panda ngazi za ghorofa ya ofisini kila siku, kupanda na KUSHUKA. Jumamosi moja chukua SGR asubuhi ushuke Morogoro, pandisha Uluguru mpaka Morningside kwenye lile jengo la Mjerumani, urudi jioni. Kama Morningside umefika na kushuka goti halijavimba, lango la ngome utafika.

mamaNasra_Tabata

Nimesoma yote wakuu, Mungu awalipe. Ustadhi nimemuuliza, Upanga nimeenda, Morogoro nimeenda na Nasra mwenyewe alinisindikiza akanibebea maji. Goti liliuma kidogo usiku likatulia. Naenda.

mamaNasra_Tabata

Nimerudi kuleta mrejesho, niko bado Seoul, huku ni saa nne usiku nyie saa kumi jioni.

Tulipanda. Mwongozaji ni mama wa makamo, nilimuuliza swali la Nuru mbele ya watu, nani wa mwisho, akasema mimi mwenyewe, na kweli akamweka kijana mbele yeye akatembea nyuma na mimi muda wote. Lami niliianza kama kichwani nna ndoo, wenzangu wawili waliosema nidanganye niliwakuta wamekaa pembeni wanahema kabla hata ya geti la hekalu. Nimefika langoni, sikwenda kwenye nyaya. Nilikaa ukutani kwa ile ngome nikaona jiji limejaa mpaka upeo wa macho, na majani mekundu chini yangu, nikaswali hapo pembeni, mwongozaji akasimama kwa mbali akinikinga watu wasinipite mbele bila mimi kumuomba.

Lakini nataka niwaambie habari ya hekalu, maana ndo niliyokuwa naiogopa.

Wakati wa kushuka wenzangu waliingia uwanjani, nami nikaingia, nikasema ntakaa benchi kama alivyokaa Baba Hafidh. Nyuma ya kumbi kuna mwamba mkubwa umechongwa Budha amesimama, zaidi ya mita nane, wanasema yule Doseon alipasua jiwe kwa fimbo yake akachonga. Jiwe lina rangi ya masizi kwa mishumaa ya miaka na miaka. Mbele yake kuna sakafu imetandikwa mikeka, na kwenye mikeka wamejaa wanawake. Sio watalii. Wanawake wa rika langu, wamevaa nguo za kawaida, anasimama anasujudu anasimama anasujudu, mkononi ana tasbihi, mwongozaji akaniambia zao zina punje 108. Mmoja magoti yake nilikuwa nayasikia yanavyolia kila akiinuka, kama langu. Pembeni ya mkeka wake ameweka picha ya mtoto wa kiume, pasipoti saizi.

Nikauliza wanaomba nini. Mwongozaji akasema mwezi wa 11 kuna mtihani mkubwa wa kuingia chuo kikuu, unaitwa Suneung, ni siku moja tu, mpaka ndege zinazuiwa kuruka na kutua wakati watoto wanafanya mtihani wa kusikiliza Kiingereza, na mama zao wanaanza kuja kuomba tangu siku mia moja kabla.

Jamani mi nilishindwa kujizuia. Machozi yalitoka tu.

Yule mama mwenye goti alipomaliza alikuja kukaa benchi nililokaa, akaniona nalia. Hatuna lugha. Nikafungua simu nikamwonyesha Nasra na sare ya shule, nikaonyesha ishara ya kuandika. Akaelewa saa ile ile. Akachukua ile picha ya mwanae akaniwekea karibu na simu yangu, akanyoosha vidole kumi, akafunga, akanyoosha kumi tena. Siku ishirini. Nami nikanyoosha kumi, halafu saba. Akanishika mkono, mkono wake una baridi kama lile jiwe, akafungua begi akanipa chenza moja.

@msafi_wa_nia ndugu yangu sikusujudu, sikuwasha mshumaa, dua yangu nimeomba kwa Mola wangu kimya kimya nimekaa pale pale. Ila na mtoto wa yule mama nimemwombea, jina lake silijui, nimesema huyu wa kwenye picha.

Goti lilivimba kidogo Jumapili, leo liko sawa. Fimbo mbili ni kweli kabisa, mkija msichukue moja. Glavu za Kariakoo mwongozaji kazisifia akauliza nimenunua wapi.

Chenza nililibeba mpaka chumbani, nimelila jana usiku baada ya kuongea na Nasra kwenye simu. Tamu sana, halina hata kokwa.